Kufundisha mikondo ya bahari ukiwa Mbeya: beseni, chumvi na barafu

Wanafunzi wengi ninaowafundisha jiografia hapa Mbeya hawajawahi kuiona bahari. Ziwa Nyasa wanalijua, wengine wana ndugu Kyela na Matema, lakini bahari kwao ni eneo la bluu kwenye ramani. Ukianza na majina ya mikondo watayakariri, watafaulu jaribio la Ijumaa, na Jumatatu hayapo. Mimi naanza na maji. Ramani inafuata, majina yanakuja mwisho.

Vifaa: beseni pana, glasi mbili kubwa zinazopitisha mwanga, chumvi ya mezani, pilipili manga ya unga, mrija wa soda, kifuniko cha ndoo, chaki na rangi ya chakula (ulizia kwa wauza vifaa vya keki). Barafu igandishe ikiwa tayari ina rangi. Usijaribu kubana matumizi kwa bluu ya kufulia: chembe zake huzama zenyewe, na somo zima litakuwa la uongo.

Hatua ya 1: Upepo

Jaza beseni maji, nyunyiza pilipili manga juu, subiri yatulie. Mwanafunzi mmoja aweke mrija karibu na uso wa maji na apulize polepole, bila kukatiza, kupita katikati. Pilipili itakimbia mbele, itagonga ukingo, itagawanyika kushoto na kulia, kisha itarudi kwa pembeni. Mwache apulize tena. Kugawanyika huko ndiko watakakokuta kwenye ramani baadaye, kwa hiyo wachore wanachokiona, kila mmoja daftarini kwake.

Waambie jambo moja tu hapa: mikondo ya juu ya bahari husukumwa na pepo zinazovuma muda mrefu kuelekea upande mmoja, na nguvu hiyo huishia kwenye mamia machache ya mita za juu.

Hatua ya 2: Mzunguko wa dunia

Zungusha kifuniko cha ndoo juu ya meza kwa mwelekeo wa akrabu za saa, jinsi dunia inavyoonekana ukiitazama kutoka juu ya ncha ya kusini. Mwingine achore kwa chaki mstari ulionyooka kutoka katikati kwenda nje. Mkono umenyooka, lakini mchoro umepinda kushoto. Ndivyo maji na hewa vinavyopinda katika kizio cha kusini, yaani nusu ya dunia iliyo kusini mwa ikweta. Kaskazini vinapinda kulia. Atatokea mmoja wa kuuliza kuhusu maji yanayozunguka kwenye sinki. Mjibu kwamba sinki ni dogo mno kwa jambo hili, kisha uendelee.

Hatua ya 3: Joto na chumvi

Hapa usiharakishe. Glasi zote mbili zitie maji ya vuguvugu kiasi. Mwezi Juni na Julai maji yetu ya bomba ni ya baridi kweli, kwa hiyo yaanike juani kwanza, la sivyo tofauti haitaonekana. Glasi moja iache hivyo hivyo. Ya pili koroga chumvi kwa kipimo cha vijiko viwili vya chakula, vya kusawazisha, kwa kila lita. Hapo umekaribia gramu 35 kwa lita, ambacho ndicho kiasi cha kawaida cha bahari.

Kabla ya kutia barafu, waulize ni ipi itakayowahi kuyeyuka. Karibu darasa zima litasema ya maji ya chumvi.

Tumbukiza. Kwenye maji matamu, nyuzi za rangi zitaanza kushuka, zitafika chini na kutandaa: maji ya baridi ni mazito, yanazama, ya vuguvugu yanapanda kuchukua nafasi. Kwenye maji ya chumvi rangi itabaki juu, tabaka jembamba limeizunguka barafu, na barafu hiyo ndiyo itakayochelewa. Maji yaliyoyeyuka ni ya baridi, sawa, lakini hayana chumvi, kwa hiyo yanaelea na kuikinga barafu isifikiwe na vuguvugu la chini. Wape muda wabishane wenyewe kabla hujaeleza.

Kisha wapeleke mbali. Bahari inapoganda huko kwenye baridi kali, chumvi nyingi huachwa majini. Maji yanayobaki yanakuwa ya baridi na ya chumvi nyingi, na yanazama, hasa kaskazini mwa Atlantiki na kandokando ya Antaktika. Mzunguko huo wa kina, yaani maji kuzama, kupita chini ya bahari na kurudi juu, huchukua takriban miaka 1,000. Na wanasayansi wanaihofia barafu ya Greenland inayoyeyuka kwa sababu ileile ya glasi ya pili: maji matamu yakitanda juu, kuzama kunapungua.

Hatua ya 4: Ramani

Chora ubaoni Bahari ya Hindi. Mkondo wa Ikweta wa Kusini unatoka mashariki, unagonga Madagaska na kugawanyika. Tawi la kaskazini linafika Afrika karibu na mpaka wa Tanzania na Msumbiji, linagawanyika tena. Sehemu moja inapanda kupita Mtwara, Dar es Salaam na Tanga mwaka mzima, kasi ikiongezeka wakati wa kusi na kupungua wakati wa kaskazi. Nyingine inashuka Mlango wa Msumbiji kwa mizunguko mizunguko hadi Mkondo wa Agulhas. Mkondo wa Somalia wenyewe hugeuka kabisa pepo zinapogeuka.

Wafungue michoro ya hatua ya kwanza, walinganishe.

Hatua ya 5: Tabia ya nchi

Linganisha Walvis Bay ya Namibia na Inhambane ya Msumbiji, miji ya pwani iliyo kwenye latitudo zinazokaribiana. Wa kwanza uko kando ya Mkondo wa Benguela, wa baridi: hewa ya chini inapoa, haipandi, ukungu upo lakini mvua karibu hakuna. Wa pili uko kwenye maji ya joto, na mvua unapata.

Sasa mtego. Mbeya na Kilwa Masoko ziko kwenye latitudo moja, takriban nyuzi 8.9 kusini. Kwa nini sisi tunavaa masweta? Wenye pupa watataja mkondo. Hapana: Mbeya iko kwenye mita 1,700 hivi, na joto hupungua kama nyuzi 6.5 kwa kila kilomita unayopanda. Piga hesabu nao.

Bahari inatufikia kwa njia ya mvua. Kipindi ambacho maji ya magharibi mwa Bahari ya Hindi yana joto kupita kawaida, vuli ya pwani na kaskazini hufurika, kama mwaka 1961, 1997 na 2019. Lakini sisi hatuna vuli na masika. Tuna msimu mmoja, Novemba hadi Aprili. El Niño, yaani kipindi ambacho maji ya Pasifiki karibu na ikweta yana joto kupita kawaida, huelekea kuongeza mvua Afrika Mashariki na kuipunguza kusini mwa Afrika, na Nyanda za Juu Kusini ziko katikati, kwa hiyo athari kwetu ni hafifu na haitabiriki kirahisi. Mkulima wa mahindi wa Mbozi au Mbarali asipange kupanda kwa tangazo la vuli ya Tanga. Asubiri utabiri wa msimu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa.

Kazi ya nyumbani: kupima mvua kuanzia Novemba. Kata chupa ya maji chini ya mabega, geuza kipande cha juu kiwe faneli ndani yake. Kitako cha chupa hakijanyooka, hivyo tia kokoto, mimina maji mpaka uzifunike, na hapo ndipo uchore sifuri.