Kabla ya kulinganisha mikoa kwenye tasnifu ya sera

Kama tasnifu yako ya uzamili inapima sera ya Tanzania kwa data za utafiti wa afya na demografia wa 2010 na 2015-16, usiunganishe mafaili kwa jina la mkoa. Ule wa kwanza una mikoa 26, wa pili 30. Geita, Katavi, Njombe na Simiyu ilizaliwa 2012 katikati. Ukiendesha rigresheni (hesabu ya kitakwimu ya uhusiano kati ya vigezo) hivyo hivyo, "Mwanza" ya kabla na ya baada ni sehemu mbili tofauti, na programu haitakupa onyo lolote.

Njombe irudishe Iringa, Katavi irudishe Rukwa; hapo hakuna shida. Kazi iko Geita, iliyomegwa kutoka Mwanza, Shinyanga na Kagera. Njia salama ni kuzichanganya hizo zote pamoja na Simiyu ziwe eneo moja. Ukitaka kurudi kwenye ramani ya zamani kwa viwianishi vya GPS vya vituo (makundi ya kaya zilizohojiwa), kumbuka vimesogezwa makusudi: mjini hadi kilomita 2, vijijini hadi 5, na asilimia 1 ya vijijini hadi 10. Ondoa vituo vilivyo karibu na mpaka wa mkoa, kisha linganisha majibu.

Zanzibar itenge. Elimu ya msingi na afya si mambo ya Muungano, kwa hiyo sera ya Bara haikufika kule.

Halafu makosa sanifu (kipimo cha kuyumba kwa makadirio): mikoa karibu ishirini ni michache, thamani ya p hutoka ndogo kuliko inavyostahili, na matokeo huonekana ya uhakika kupita kiasi. Tumia butstrapu ya "wild" (njia ya kurudia hesabu mara nyingi kwa kubadilisha alama za mabaki kwa bahati nasibu) kwa ngazi ya mkoa.