Namna ya Kumtazama Scrooge Akibadilika

Kisa cha Ebenezer Scrooge, mzee wa London mwenye mkono wa birika anayezinduliwa na mizuka usiku wa kuamkia Krismasi, kilichapishwa na Charles Dickens tarehe 19 Desemba 1843, na tangu 1901 kimetengenezewa filamu nyingi. Ukiwa na nafasi ya kutazama moja tu, tafuta ile ya 1951 iliyoongozwa na Brian Desmond Hurst, ambamo Alastair Sim ndiye Scrooge. Chukua nakala ya awali isiyo na rangi, wala usishawishike na ile iliyotiwa rangi baadaye, kwa kuwa hofu ya filamu hii imo katika vivuli vyake.

Usiwe na haraka ya kufika asubuhi ya furaha. Filamu ya bahili anayetubu hupimwa kwa jinsi inavyoonyesha ubahili ulikoanzia, kwa hiyo tulia zaidi pale mzuka wa kwanza unapomrudisha Scrooge ujanani. Dada yake, Fan, anakata roho baada ya kumzaa Fred; kijana Scrooge anatoka chumbani akidhani yamekwisha, na ni Scrooge mzee, aliyesimama kando, anayemsikia kwa mara ya kwanza akimwomba amtunze mwanawe. Kitabuni tukio hilo halimo, lakini bila hilo ni vigumu kuelewa mjomba anavyomchukia mpwa wake.

Likumbuke tukio hilo Scrooge atakapofika kwa Fred siku ya Krismasi. Anasita mbele ya mlango wa sebule, anageuka kumtazama mtumishi msichana aliyempokea kofia, naye anamtikisia kichwa kumtia moyo. Hakuna neno linalosemwa, na kwa maoni yangu hapo ndipo toba inapoaminika, kuliko katika kurukaruka na vicheko vilivyotangulia.

Kwa watoto wadogo, filamu ya vikaragosi vya Muppet ya 1992 inafaa zaidi, hasa kwa kuwa Michael Caine anaigiza kwa uzito uleule ambao angeigiza nao mbele ya binadamu. Angalia tu nakala unayoichukua: wimbo wa Belle, mchumba wa ujanani, anapoachana na Scrooge uliondolewa filamu ilipoonyeshwa kwenye majumba ya sinema, ukarudishwa katika baadhi ya nakala za nyumbani. Chagua yenye wimbo huo, hata kama watoto watapiga miayo.