Ukitaka Kuanzisha Kampuni ya Usafiri, Anza Pale Abiria Anaposhuka

Binamu yangu anaishi Oakland, Marekani. Mwezi uliopita alinipigia saa nne usiku, kwao mchana, akaniambia yeye na wenzake wawili wanaanzisha kampuni: mabasi madogo unayoyaita kwa simu, yanakuchukua karibu na mlango wako. Alitaka niusome mpango wao, maana mimi ni karani wa SACCO ya matatu, yaani ushirika wa wenye magari ya abiria, hapa steji ya Ferry, Mombasa, mwaka wa kumi na moja sasa, na kabla ya hapo nilikuwa mlangoni nikiita abiria wa Bamburi. Niliusoma wote. Picha zilikuwa nzuri. Nikamuuliza: abiria wenu akishuka, anapanda nini? Akanyamaza.

Nimeamua kuyaandika niliyomwambia, kwa sababu kila baada ya miezi michache steji yetu hupokea vijana wa papa hapa Mombasa, kompyuta mgongoni, na mpango ule ule wa California uliobadilishwa jina. Nao maelekezo haya yanawahusu. California wamejaribu mengi kwa pesa nyingi, na mengi ya waliyokosea yalikuwa yameshapatiwa jibu Ulaya kabla wao hawajaanza.

Kwanza, iache kompyuta nyumbani uje steji. Siku saba, si moja, na angalau moja iwe ya mvua. Fika saa kumi na moja na nusu alfajiri na daftari. Usihesabu magari, magari tunayo. Hesabu ni mara ngapi mtu mmoja anatoa pesa mpaka afike. Tafuta mama anayetoka Likoni kwenda kazini hoteli za Bamburi, umuombe ruhusa umfuate. Atapanda boda au tuktuk hadi kivukoni, alipe. Feri kwa mwenda kwa miguu ni bure, lakini atasubiri, avuke, kisha apande ule mwinuko wa upande wa kisiwani katikati ya watu, mikokoteni na mizigo. Atatafuta matatu, alipe. Kondakta akiona foleni na kuamua gari ligeuzie Kongowea, kabla ya kufika Bamburi, atashushwa atafute jingine, na hapo uwe na moyo wa kusikiliza maneno yatakayotoka. Ikinyesha, nauli imeshapanda kabla hajafika mlangoni.

Weka alama kila mahali safari yake inapokatika. Hapo ndipo penye biashara. Kipande cha mjini hadi Bamburi kina wenyewe na wanakigombania tangu alfajiri; hakuna anayekulilia wewe ukiongeze gari. Kampuni ya Chariot ilianza San Francisco mwaka 2014 na magari yake madogo, Ford wakainunua 2016, mapema 2019 ikafungwa. Baadhi ya njia zake zilipita sambamba na mabasi ya jiji. Ukisimama palipo na basi tayari, unashindana na nauli yake, na nauli ya basi la jiji kule inabebwa na kodi.

Sasa nieleze kilichonifumbua macho, kisha nirudi kwenye maelekezo.

Mwaka 2019 dada yangu alijifungua Hamburg, nikaenda kumsaidia, nikakaa miezi mitatu. Anaishi Finkenwerder, ng'ambo ya mto Elbe, kama mtu wa Likoni na mji wake mbele ya macho. Siku ya kwanza ya kutoka alinipa tiketi moja. Tukapanda feri namba 62 hadi Landungsbrücken, tukaingia treni, tukamalizia na basi, na mtoto yumo kwenye kigari chake. Kila tukibadilisha mkono wangu ulikwenda mkobani kutafuta pesa, na kila mara dada akanicheka. Tiketi ni ile ile. Feri imo ndani yake. Hakuna lango wala kondakta, ila wakaguzi hutokea ghafla, na ukikutwa huna tiketi ni yuro 60. Nilimuona mwanamume mmoja na suti yake akitafuta tiketi isiyokuwepo. Uso ule naujua, huwa nauona kila siku kwa wanaosema wameshalipa.

Nilidhani vyombo vyote vile ni vya mwenyewe mmoja. Siyo. Feri zina kampuni yake, HADAG. Treni za U-Bahn ni za Hochbahn, za S-Bahn ni za reli ya taifa, mabasi mengine yana kampuni nyingine. Mwaka 1965 walikaa wakaunda HVV, chama cha kwanza duniani cha aina hiyo. Chama ndicho kinachopanga nauli na kuoanisha ratiba, kisha mapato yanagawanywa. Kila kampuni ikabaki na vyombo vyake na wafanyakazi wake. Simu za mkononi hazikuwepo. Walifanya kwa karatasi na hesabu.

Nilipoelewa hayo nilikaa kitako. Hiyo ni SACCO! Sisi pia tuna wamiliki wengi, jina moja na njia moja. Tofauti ni kwamba nauli yetu haigawanywi: kila gari hula kilichoingia mlangoni mwake, na mwenye gari anataka hesabu yake ya siku, liwe limejaa au tupu. Ndiyo sababu tunafukuzana. London wameliondoa hilo kabisa. Yale mabasi mekundu huendeshwa na kampuni binafsi zilizoshinda zabuni za njia, lakini nauli inaingia kwa mamlaka ya jiji, TfL, nayo huilipa kampuni kwa kuendesha njia kama mkataba unavyosema. Dereva apate watano apate hamsini, mshahara wake hausogei. Hana sababu ya kumchomekea mwenzake pale Buxton.

Kwa hiyo hatua yako ya pili ni makubaliano ya kugawana, kabla ya programu yoyote. Tafuta magari sita ya wamiliki wanaoaminiana, na tuktuk chache za upande wa Likoni. Mpe abiria tiketi moja ya pande zote mbili za feri. Andikeni kwenye karatasi moja fungu la nani ni lipi. Mimi ningeanza hivi: nusu ya makusanyo igawanywe kwa safari zilizokamilishwa mpaka mwisho wa njia bila kukatiza, nusu kwa idadi ya abiria. Nusu ya kwanza inamfunga anayegeuzia Kongowea; nusu ya pili inamfanya kondakta asiache watu steji. Mtagombana. Gombaneni sasa, mkiwa magari sita. Mkifika sitini, ugomvi wa namna hiyo hupelekwa kwa mawakili.

Pesa ya siku ndiyo iliyowashinda wengi. Vijana fulani walikuja kwetu na simu mpya kwa kila kondakta. Abiria alipe kwa simu, pesa ziingie kwenye akaunti ya kampuni, sisi tulipwe kesho yake asubuhi. Tukakubali, magari matatu. Kufikia saa nne asubuhi dereva wetu mmoja alikuwa amebeba watu tangu alfajiri na mfukoni hana hata shilingi ya mafuta. Gari likamzimikia juu ya Daraja la Nyali. Nadhani unajua hali ya daraja lile saa hiyo. Matusi aliyotukanwa siku ile alikuja kuniletea mimi yote, bila kupunguza. Matatu huishi kwa saa: mafuta, ada ya steji, chai, na dereva na kondakta hujilipa jioni kutokana na kilichobaki. Nairobi nako, BebaPay, kadi ya kulipia nauli ya Google na benki ya Equity, ilianza 2013, ikafungwa 2015. Programu iende tezi na omo, marejeo ni kwa kondakta. Kwa hiyo pesa zimfikie ndani ya saa ile ile. Kama mfumo wako hauwezi, tumia till ya SACCO, ile namba ya kulipia kwa simu, na daftari mpaka uweze.

Kuhusu vibali sitaki uniambie "tutaomba radhi baadaye". Machi 2018, kampuni za Bird, Lime na Spin zilimwaga skuta za umeme mitaani San Francisco bila kuuliza mtu. Ilipofika Juni jiji likaziondoa. Agosti vibali vilipotolewa vilikwenda kwa Skip na Scoot, zilizokuwa zimekaa zikangoja. Paris waliziachia ziingie ovyo mwaka huo huo wa 2018, wakajuta. 2020 wakachagua kampuni tatu tu, kila moja skuta 5,000, na bado watu hawakuridhika: tarehe 2 Aprili 2023 wakapiga kura, karibu asilimia 90 ya waliojitokeza wakasema ziondoke, ingawa waliojitokeza hawakufika hata asilimia 8 ya wapiga kura. Septemba mosi hazikuwepo. Pima mwenyewe: waliokwenda kupiga kura ni wale waliokuwa wakijikwaa. Hapa kwetu nao watakaokujikwaa ni wenye vibanda, mahamali na waendesha tuktuk, na hawatangoja sanduku la kura.

Basi nenda kaunti kwanza, halafu NTSA, mamlaka ya taifa ya usafiri na usalama barabarani, halafu SACCO za njia hiyo, halafu wazee wa steji. Nenda mwenyewe, usitume barua pepe. Wala usijifiche nyuma ya maneno "sisi ni kampuni ya teknolojia tu". Uber walijaribu hoja hiyo Ulaya. Desemba 2017 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika kesi iliyoletwa na wenye teksi wa Barcelona, ikasema hiyo ni huduma ya usafiri na isimamiwe hivyo.

Binamu yangu hapo alinikatiza: "Lakini Uber ipo mpaka leo, dada." Ipo. Mwaka 2019 peke yake ilipata hasara ya dola bilioni 8.5, na mwaka wake wa kwanza mzima wa faida ya uendeshaji ni 2023. Kama kuna mtu wa kukubebea hasara ya namna hiyo, funga ukurasa huu ukalale. Kama hayupo, usinunue abiria kwa nauli ya bei ya kutupa. Watakuja wote, na siku ukirudisha bei wataondoka wote, tena wakikuita mwizi.

Hapa lazima niwe mkweli, kwa sababu wanaoisifu Ulaya hupenda kuliruka hili. Nauli nafuu ya kule haitoki kwenye ujanja wa kampuni. Vienna ilipoweka tiketi ya mwaka mzima kwa yuro 365 mwaka 2012, kulikuwa na mfuko nyuma yake: waajiri wa mji ule hulipa tozo ya reli kwa kila mfanyakazi tangu 1970, na maegesho hulipiwa. Matatu haina mfuko huo, nauli ndiyo kila kitu. Kwa hiyo uige kugawana, usiige bei. Wala usidhani kuuza tiketi za wengine kwenye simu kunatosha. Programu ya Whim ya Helsinki ilifanya hivyo kwa ustadi, dunia nzima ikaenda kuitazama, na 2024 kampuni yake ikafilisika. Dalali wa tiketi hubaki na senti. Jitafutie fungu ndani ya makubaliano yenyewe, kama gari la saba.

Data nitaipitia mbio: usiifiche. TfL ilizifungua taarifa za mabasi yake wengine wakatengeneza programu juu yake, ndipo watu wa nje kama Citymapper walipopata cha kujengea. Nairobi ramani ya njia za matatu ilitolewa 2014 na vyuo vikuu, ikawekwa wazi. Likoni na Kisauni zinangoja mtu wa kuzitembea hivyo hivyo, kwa miguu na daftari.

Binamu yangu ameahidi kusimama wiki moja kwenye kituo cha treni cha Oakland kabla ya kununua gari la kwanza. Wewe ukitaka kuanzia kwetu, nipo kwenye kile kibanda cha mabati karibu na muuza kahawa. Usije Ijumaa saa sita, sote tuko msikitini, wala usije na picha za kuonyesha. Njoo na lile daftari, na mahali pa kwanza pa kukatika pawe pameshaandikwa.