Kubashiri hatari kabla ya kuondoa tezi ya adrenali kwa matundu madogo
Anza na picha ya CT, nawe uitazame mwenyewe, kwani ripoti peke yake haitoshi. Uvimbe wa tezi hii, iliyo juu ya figo, unaozidi sentimita 6 huongeza shaka ya saratani na hatari ya kutokwa na damu. Upande wa kulia, ukague kwa makini mshipa wa vena wa tezi, ambao ni mfupi mno na humwaga damu moja kwa moja kwenye vena kuu, hivyo ukichanika damu hufurika ghafla. Usimpeleke mgonjwa chumba cha upasuaji kabla ya kupima metanefrini (mabaki ya homoni za aina ya adrenalini, katika damu au mkojo): feokromositoma, yaani uvimbe wa tezi unaomwaga homoni hizo, isiyotambuliwa hupandisha shinikizo la damu kwa kasi tezi inapoguswa. Ikithibitishwa, dawa za kuzuia alfa, ambazo hulegeza mishipa ya damu, hutangulia kwa siku 7 hadi 14. Za kuzuia beta, ambazo hupunguza kasi ya moyo, zikihitajika, hufuata, kamwe zisitangulie.