Nyumba mpya, mtaa wa zamani: jinsi ya kununua Kampala bila kuuziwa mbuzi kwenye gunia

Shemeji yangu amehamia Mbuya, na kwa kuwa mimi nilikulia kota za jeshi palepale, kazi ya kumsindikiza iliniangukia. Mchezo wa mitaa hii mnaujua: mzee anafariki, bangaloo yake inabomolewa, na baada ya mwaka zimesimama nyumba nne za ghorofa ndani ya ukuta mmoja. Tulivyofanya ni hivi, pamoja na tulipoteleza.

Hatua ya 1: Nenda mvua ikinyesha

Machi hadi Mei, au Septemba hadi Novemba. Jumamosi ya jua kali ni siku ya dalali, si yako. Simama langoni uangalie maji ya mlimani yanapita wapi.

Hatua ya 2: Upekuzi wa hati (hapa ndipo tulipoteza miezi minne)

Muuzaji atakupa fotokopi ya hati. Faida yake ni namba tu: bloku na ploti kama ni mailo (umiliki wa kudumu wa ardhi ya Buganda), voliyumu na folio kama ni ardhi ya lizi (ya kukodishwa kwa miaka maalumu) au ya umiliki huru. Ukishazipata, wakili wako aombe upekuzi rasmi ofisi ya ardhi ya kanda. Wakili wako, nasisitiza. Shemeji alitaka tumtumie wa muuzaji ili kubana matumizi, na nusura tugombane.

Majibu yakaja: ploti ya desimali 50 (nusu ekari), hati moja, jina la mtoto wa marehemu kama msimamizi wa mirathi. Nyumba yetu, ya tatu kutoka lango, haikuwa na hati. "Hati ndogo ziko njiani," tukaambiwa. Mwenyekiti wa LC1, yaani serikali ya mtaa, akacheka: zilikuwa njiani tangu msingi unachimbwa.

Hilo si jambo dogo. Hati mama, yaani ile ya ploti nzima, ikiwekwa rehani benki, nyumba uliyolipia imo ndani ya rehani. Kama kila nyumba imesimama peke yake, ploti igawanywe na kila kipande kipate hati yake. Kama mnashiriki kuta au sakafu, kuna sheria ya kondominiamu ya 2001, na kila sehemu inapata hati yake. Njia yoyote ni sawa, mradi hati itoke kabla hujamaliza kulipa.

Sisi tuliona upekuzi ni safi, tukatoa arubuni. Wiki sita baadaye, kabla ya kusaini, wakili akarudia upekuzi, na tayari palikuwa na kaviati: dada wa muuzaji ameweka zuio, hakuulizwa wakati mali ya baba inauzwa. Hakuwa na kosa, ni haki yake. Lakini fedha zetu zilikaa miezi minne huku ndugu wakisuluhishana. Kwa hiyo pekua mara mbili, ya pili asubuhi ileile ya kusaini. Ada yake haifiki bei ya chakula cha mchana cha familia. Kama muuzaji ni msimamizi wa mirathi, omba barua ya usimamizi kutoka mahakamani na saini za warithi wote, na kama yupo mjane, ridhaa yake kwa maandishi. Arubuni nayo isitoke bila mkataba unaosema itarudi vipi.

Kwenye mailo kuna jambo jingine: mtu mwenye kibanja, yaani mwenye haki ya kukaa kwenye ardhi ambayo hati yake ni ya mwingine. Unaweza kununua hati ukamkuta mama mmoja nyuma ya ukuta anayelipa busuulu (kodi ya ardhi ya kila mwaka) tangu enzi za babu, na sheria inamlinda. Hati haitakueleza habari zake. Waulize majirani, hasa mwenye kibanda cha chapati. Kwenye lizi, hesabu miaka iliyobaki, na uangalie kama bado ni lizi ya awali ya miaka 5, ambayo haijaongezwa.

Hatua ya 3: Mpima ardhi

Mtafute wako, mwenye mashine, si wa kukadiria kwa hatua za miguu. Afungue mipaka mbele ya majirani na LC1, ayaonyeshe mawe. Ukuta wetu ulikuwa umeingia barabarani karibu mita moja.

Hatua ya 4: Jengo lenyewe

Kibali cha ujenzi na kibali cha kukaliwa, vyote viwili, kutoka KCCA, mamlaka ya jiji la Kampala. Vigae na jiko la kisasa usivipotezee muda. Fungua kifuniko cha tangi la maji taka. Mara nyingi ni lile la bangaloo, lililochimbiwa familia moja, sasa linabeba familia nne. Uliza gari la kunyonya huja kila baada ya muda gani, na nani hulipa.

Hatua ya 5: Kulipa

Benki kwa benki, kwa jina lililo kwenye hati. Mthamini wa serikali atapanga thamani, utalipa ushuru wa stempu asilimia 1.5, kisha uhamisho uandikishwe.

Hatua ya 6: Maji na umeme

Kabla ya funguo, chukua namba ya akaunti ya maji na ya mita ya Yaka (umeme wa kulipia kabla), uulize madeni. Akaunti yetu ya maji ilikuwa bado na deni la bangaloo iliyobomolewa. Muuzaji alililipa siku hiyohiyo bila kelele, maana sehemu ya mwisho ya fedha zake ilikuwa bado kwa wakili wetu.