Namna ya kumsaidia ndugu mtu mzima anayeshukiwa kuwa na usonji na anayekataa msaada

Mwongozo huu ni kwa ajili ya mtu wa Lubumbashi, au wa mji mwingine wa kwetu, ambaye ana kaka au dada aliyekwisha kukomaa, anayemshuku kuwa na usonji, yaani kile madaktari wetu wanachokiita otisime, na ambaye kila akigusia habari ya kwenda kumwona mtaalamu hujibiwa kwa ukali au kwa kimya.

Kabla ya kufanya lolote, amua unatafuta nini hasa. Ukitaka ndugu yako alikubali jina la hali yake, mtagombana mwaka mzima bila faida. Ukitaka alale usingizi, ale vizuri, adumu kazini na asidhalilishwe mbele ya watu, yapo mengi unayoweza kuyaanza leo bila karatasi ya daktari, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo njia iliyo bora.

Usonji ni namna ubongo unavyokua tangu utotoni. Hauletwi na uchawi, wala na malezi ya mama, wala na chanjo. Tangu daktari Leo Kanner alipoandika habari za watoto wa namna hiyo mwaka 1943, jambo hili lilihesabiwa kwa muda mrefu kuwa la watoto tu, na kwa hiyo watu wengi waliojua kusoma na kusema vizuri walikua bila kutambuliwa na mtu, hasa wanawake, ambao mara nyingi hujifunza mapema kuficha taabu yao kwa kuiga wenzao. Hakuna kipimo cha damu wala picha ya kichwa inayouonyesha. Mtaalamu hutegemea kumwona mtu mwenyewe na kusikia historia ya utoto wake. Kwa sababu hiyo, keti na mama, shangazi au mama mkubwa aliyemlea, uulize alianza kusema lini, alicheza na nani, kelele gani zilimliza, mambo gani alitaka yarudiwe vilevile kila siku, kisha uandike majibu katika daftari na kulitunza. Siku atakapokubali, daftari hilo litakuwa na thamani kubwa, maana wazee hawatakuwepo siku zote. Lakini ikiwa utoto wake haukuwa na dalili yoyote, na mabadiliko yakaanza ghafla ukubwani, kwa mfano anasikia sauti zisizosikiwa na wengine, hiyo inaelekea kuwa hali nyingine inayohitaji daktari bila kuchelewa.

Anayekataa kwa kawaida ana sababu. Pengine amewahi kuona mtu akifungwa kamba katika chumba cha maombi, au anajua kwamba anayeingia hospitali ya magonjwa ya akili huitwa mwenda wazimu mtaani kwake hadi kufa. Pengine haoni kosa lolote katika maisha yake, na huenda ana haki. Basi usimwitie kikao cha ukoo, ambapo baba wadogo na majirani wanamhoji mtu mmoja. Kwa mwenye usonji kikao cha namna hiyo ni adhabu. Anza na lile analolilalamikia yeye mwenyewe, na uliandike katika ujumbe wa simu, kwa kuwa wengi wao hufikiri vizuri zaidi wakisoma kwa utulivu kuliko wakitazamwa usoni. Ikiwa ni mkubwa wako, ambaye kwetu huitwa yaya, heshima haipungui: “Yaya, nimeona jenereta ya jirani inakusumbua usiku. Tunaweza kuhamisha kitanda chako chumba cha nyuma, au nikutafutie vizibo vya masikio. Utanijibu utakapopenda.” Humo mna tatizo moja, njia mbili za kuchagua, na hakuna haraka. Akijibu baada ya siku tatu, usimlaumu kwa kuchelewa.

Nyumbani, mambo madogo yana uzito kuliko hotuba. Ikiwa hawezi kula bukari, yaani ugali, iliyoguswa na mchuzi, mpe mboga katika sahani ya pembeni, na usiruhusu mtu kumwita mwenye maringo. Mwambie mapema nani atakuja, saa ngapi, na ataondoka lini. Matanga ndiyo mtihani mkubwa zaidi, kwa sababu ya vilio, spika, mikono mingi ya kusalimia na usiku wa kukesha, na asiyefika husemwa kuwa hana utu. Patana naye kabla: atakuja asubuhi, wakati watu bado ni wachache, atasalimia wafiwa, atapewa kazi ya kuandika michango daftarini, kisha ataondoka bila kuaga umati. Wewe ndiwe utakayewaeleza wazee kwamba amekwisha kufika. Akizidiwa, akanyamaza kabisa au akapiga kelele, usimshike wala kumuuliza maswali; punguza sauti na mwanga, waondoe watazamaji, mngoje.

Mama akisisitiza kumpeleka kufungishwa saumu na kuombewa kwa nguvu, usibishane juu ya imani yake. Mwombe amwombee akiwa nyumbani, lakini ukatae wazi kufungwa kamba, kupigwa au kunyimwa chakula.

Kuhusu wataalamu, nenda kwanza peke yako. Lubumbashi kuna Kituo cha Joseph Guislain cha magonjwa ya neva na akili, na Chuo Kikuu kina kitivo cha saikolojia. Uliza kama yuko anayewafahamu watu wazima wenye usonji, kisha mpe ndugu yako habari hizo kwa maandishi na umwachie. Usimdanganye kwamba mnakwenda sokoni ili umfikishe hospitali, kwa sababu baada ya hapo hatakuamini tena, hata ukisema kweli. Hakuna dawa inayoondoa usonji. Akiandikiwa dawa, uliza inatibu nini, kama ni usingizi, hofu au huzuni. Kukataa kwake kunaheshimiwa mpaka pale maisha yanapokuwa hatarini: akisema anataka kujiua, au akiacha kula na kunywa, usimwache peke yake, na utafute daktari siku hiyohiyo.

Mwishowe, mzigo huu usibaki kwako peke yako. Chagua ndugu mmoja ambaye huyo unayemsaidia anamvumilia, na kwa idhini ya unayemsaidia umwandikie ndugu huyo ukurasa mmoja wa mambo ya lazima: chakula anachokula, kelele anazozikimbia, namna ya kumpelekea ujumbe, na pesa za matumizi hupita kwa nani ukiwa safarini Likasi au Kolwezi.