Siku ya kuzaliwa: anza na picha za simu, si kichwa

Juzi nilitimiza miaka 38, na nilipokaa kuandika mema na mabaya ya mwaka, karibu yote yaliyonijia yalikuwa ya miezi miwili ya mwisho. Basi fanya hivi: fungua picha za simu kuanzia tarehe ile ile mwaka jana, pitia mwezi baada ya mwezi, na kila mwezi uandike mstari mmoja tu, wa kushukuru au wa kilichokukwamisha. Mistari 12, kisha ndiyo uchague lengo. Inasaidia kwa sababu akili hushika ya karibuni na yaliyouma. Mimi nilishasahau kabisa kwamba Machi mama alitoka hospitali akitembea mwenyewe. Mwezi usio na picha, angalia miamala ya M-Pesa: ada, nauli na michango ya misiba husema mengi kuliko picha za harusi. Haifanyi kazi kama ulibadilisha simu bila kuhifadhi picha. Na kama ulifiwa mwaka huo, usipitie peke yako usiku. Ngoja kwanza, au kaa na ndugu mpitie pamoja.